Maji Baridi ya Bweni Letu

Shule yetu iko Nyandarua, ambako alfajiri nyasi huwa nyeupe kwa baridi. Sisi tuliolala bweni moja bado tunaitana ndugu, na wale tulioko Dubai hukutana Ijumaa chumbani kwangu, Satwa. Tayari tumewachimbia wadogo zetu wa bweni kisima na kuwajengea maktaba. Agosti iliyopita nikapendekeza tuwawekee hita za sola, waoge maji moto.

Ndugu mmoja ninayekaa naye, mlinzi wa hoteli, alikataa katakata.

"Maji baridi ndiyo yaliyotufanya wanaume," alisema. "Wakioga maji moto, udugu utabaki wapi?"

Wenzetu wakamuunga mkono. Niliwaka. Nikamwambia mimi yale maji yalinipa kikohozi tu, na kama udugu wetu ni wa kutetemeka pamoja, basi afadhali ufe.

Akainuka kwa hasira akaenda kuoga kabla ya zamu yake. Sasa, Agosti hapa matangi hushinda juani juu ya paa, na mfereji hutoa maji ya kuunguza hata ukifungua ule wa baridi. Ndiyo maana kila mmoja wetu huteka ndoo yake asubuhi na kuiacha ipoe. Mara tukamsikia akipiga kelele bafuni.

"Nani ametumia maji yangu niliyopoza?"

"Oga hayo ya mfereji, ndugu yangu," nikamjibu. "Yatakufanya mwanaume."