Kijiko cha Buluu

Usiku kucha nilisubiri ujumbe wa mkaguzi wetu wa kosheri, na haukuja. Yeye ndiye mlinzi wa sheria za Kiyahudi katika mkahawa ninamopika, mtaani Glenhazel. Kila yai hulivunjia kwenye glasi, akatafuta tone la damu. Kila jani la saladi huliinua kwenye taa, akatafuta mdudu. Vidole vyake vimekunjamana kwa maji. Kupika napika mimi, lakini kwa sheria hizo moto lazima auwashe yeye, Myahudi. Nyama na maziwa havichanganywi kamwe; aliyenitangulia kazini alifukuzwa kwa sababu ya mkate wa jibini kwenye meza ya nyama.

Jana nilikoroga supu ya nyama kwa kijiko cha buluu, ambacho ni cha maziwa. Hakuna aliyeniona. Mimi mwenyewe nilimwambia mkaguzi.

“Kiligusa maziwa lini?”

“Juzi, bosi.”

Akafunga jiko, akaenda kumuuliza rabi. Nyumbani binti yangu Murielle alinishangaa: “Eish, Mama! Si ungenyamaza tu?”

Asubuhi nilimkuta mkaguzi nje, funguo mkononi.

“Supu imepita, maana kijiko kilikuwa kimemaliza siku nzima bila kugusa maziwa,” akasema. “Kijiko hakikupita.”

“Na mimi?”

Akafungua mlango, akaenda kuniwashia moto.