Kichupa cha Pili

Mwinjuma bin Mbaruku, mzaliwa wa Zinga, alikuwa dresa wa hospitali kwa miaka ishirini na miwili. Alisafisha vidonda, alichemsha visu na mikasi, alimsaidia daktari kwenye upasuaji, na ufunguo wa kabati la dawa aliuvaa shingoni hata akienda msikitini. Alikuwa mtu mwema, tena hodari. Kasoro yake ilikuwa moja tu: alipenda kueleza. Mtu akienda kutumbuliwa jipu, hakuachiliwa mpaka ajue usaha umetoka wapi na kwa nini.

Tabia hiyo ndiyo iliyomponza mwaka 1951. Mwaka huo hospitali ililetewa kutoka Dar es Salaam vichupa vitatu vya unga wa kugandisha damu. Damu ikichuruzika mahali pasipofungika kwa uzi, daktari alinyunyiza unga ule, na damu ikashikana papo hapo kama uji uliopoa. Wa kwanza kunyunyiziwa alikuwa Mrisho, mkwezi wa minazi, aliyejikata paja kwa panga. Alipopata nafuu akauliza ile ilikuwa dawa gani. Mwingine angejibu kwamba ni dawa tu, akaenda zake. Mwinjuma akavuta kiti, akamweleza kwamba unga huo hutengenezwa Ulaya kwa damu ya ng'ombe, ikachujwa, ikakaushwa, ikasagwa.

Mrisho akarudi Zinga na habari, lakini ng'ombe akaanguka njiani. Kilichofika kijijini ni kwamba hospitali kuna unga wa damu, na hapo hakuna aliyehitaji kuambiwa ni damu ya nani. Miaka ile pwani yote ilikuwa ikiwaogopa mumiani, watu waliosemekana kuwavizia wapita njia na kuwanyonya damu ikatengenezwe dawa. Hakuna aliyewahi kumwona mumiani kwa macho. Sasa akawa amepatikana, tena ni Mwinjuma, mtoto wa hapo hapo. Akipita, wanawake walivuta watoto wao ndani, na wengi wa watoto hao ni yeye aliyewafunga vidonda.

Hayo angeyastahimili. Asiloweza kulistahimili ni kwamba dada yake naye aliyasadiki.

Ashura ndiye aliyemlea baada ya mama yao kufariki. Kwa miaka sita alikuwa na uvimbe wa tezi shingoni, akiuficha kwa kanga, na sasa ulikuwa umekaza koo hata hawezi kulala chali. Sauti yake ilikuwa bado nzima, na harusi ya Zinga haikuwa harusi mpaka Ashura aanzishe nyimbo. Lakini pumzi ilikuwa ikipungua. Mpasuaji alikuja kutoka Dar es Salaam kila baada ya miezi mitatu, na Mwinjuma alijua kwamba dada yake hana miezi mitatu mingine ya kungoja.

"Shikamoo dada."

"Marahaba. Umekuja kunijulia hali, au umekuja kunipima damu?"

"Dada, daktari anakuja mwezi ujao. Uvimbe huu utakuua."

"Uniue na damu yangu, mdogo wangu. Sendi kuchanganywa na ya mtu nisiyemjua."

Akaletwa Maalim Sharifu, akasema kwamba katika dharura hata kilichokatazwa huruhusiwa. Ashura alimsikiliza kwa adabu zote. Kisha akamwambia kwamba yeye hakuuliza habari ya halali na haramu, ameuliza ni nani aliyechinjwa.

Mwinjuma akapiga moyo konde. Ijumaa iliyofuata alifungua kabati, akatia kichupa kimoja mfukoni bila kumwambia mtu, akaenda Zinga. Watu walipotoka msikitini aliwasimamisha uani, na wanawake wakaja kutazama kutoka upande wa pili wa ua, Ashura akiwa kati yao. Akakunja mkono wa kanzu, akajichanja kwa wembe juu ya kifundo, si mchanjo wa mzaha. Damu ikachirizika mpaka kwenye vidole. Akamwaga unga wote. Damu ikaganda mbele ya macho yao, akauinua mkono juu ili wote waone.

"Ingekuwa damu ya mtu," akasema, "mimi ningejitia mwilini mwangu?"

Mzee mmoja aliyekuwa mbele kabisa akautazama mkono ule kwa makini. "Damu imemtambua mwenziwe," akasema, na nusu ya watu wakaitikia. Kwa hao jambo lilikuwa limethibitika zaidi kuliko jana. Lakini Ashura alivuka ua, akamfunga mdogo wake mkono kwa ncha ya kanga yake. Alisema unga wake haumhusu, ila mtu aliyejikata hivyo kwa ajili yake hawezi kuwa anamtakia mabaya. Angekwenda.

Mwinjuma alirudi kazini kwa furaha kubwa. Alikusudia kumwambia mpasuaji habari ya kichupa siku ya kufika kwake. Siku ilipofika mpasuaji alikuwa na wagonjwa tisa na haraka nyingi, na Mwinjuma akajiambia kwamba kimoja kilichobaki kitatosha, kwani mpaka siku hiyo hakuna aliyehitaji viwili.

Ashura hakulazwa usingizi. Alichomwa sindano za ganzi shingoni, akafunikwa uso kwa kitambaa. Mwinjuma alisimama kichwani, mkono mmoja ukishika kidevu chake kisisogee. Kazi ilikwenda vizuri mpaka karibu na mwisho, ndipo mshipa ulipochanika na shimo lote likajaa damu. Unga wa kwanza ukanyunyizwa, damu ikausomba.

"Kichupa cha pili," akasema mpasuaji kwa Kiswahili chake cha hospitali. "Kiko wapi?"

Mwinjuma hakujibu. Mpasuaji akauliza tena.

"Nilikitumia mimi, bwana. Zinga."

Mpasuaji alichukua makoleo, akabana ndani ya dimbwi lile mahali asipopaona, mara moja, mara mbili, mpaka damu ikasimama. Kisha akainama. "Mama, sema jina lako." Sauti iliyotoka chini ya kitambaa ilikuwa pumzi tupu. Pamoja na mshipa wa damu alikuwa amebana pia ule mwembamba unaoendesha sauti. Akainua macho, akamtazama Mwinjuma.

Hakufukuzwa, maana hapakuwa na dresa mwingine. Ashura alipona, akalala chali kama watu wote, akanenepa. Kuimba ikawa basi. Watu wakimpa pole, alinong'ona kwamba Mungu ndivyo alivyopenda, na Mwinjuma, akiwapo, alitazama chini. Kila Ijumaa alimpelekea asali na samaki, akala kwake, akarudi mjini na neno lake kooni. Aliona haya, tena aliogopa, kwani hakuwa na mama mwingine.

Ijumaa ya kumi na mbili alisukuma sahani kando, akayasema yote: kabati, wembe, unga, koleo.

"Nilikuwa macho, Mwinjuma," Ashura akanong'ona. "Nilifunikwa uso, sikuzibwa masikio. Alipouliza, ulinyamaza, na mkono wako ukaanza kutetemeka kidevuni kwangu. Nilijua kabla hujajibu."

"Mbona hukuniambia, dada?"

"Nikwambie nini, na jambo ni lako? Kila ukija natandika mkeka, nasema moyoni leo atasema. Unakula, unaaga, unakwenda zako."

Mwinjuma akalia, mtu mzima wa miaka arobaini na moja. Ashura alimwacha alie. Kisha akairudisha sahani mbele yake.

"Sauti nilikusamehe palepale kitandani," akasema. "Hizo Ijumaa ndizo bado."