Kikombe cha bluu nilichombebea rafiki yangu

Nimekosa, na sikukosa kwa kutojua. Nilikuwa mtu mzima, nimesoma, ninafundisha watoto wa watu hapa Uvira, na kazi niliyopewa ilikuwa moja tu: kumsaidia rafiki yangu ashinde uchaguzi. Badala yake nilimwangusha. Nilimwangusha kwa kikombe cha plastiki.

Tafadhali nisikilize mpaka mwisho, ndipo unihukumu.

Rafiki huyo nitamwita Faida, ingawa si jina lake. Yeye ni Mutwa, mmoja wa Batwa. Kama wewe si mtu wa huku, ujue kwamba Batwa wamekaa kwenye milima hii na kwenye bonde la Ruzizi tangu kabla ya wazee wa wazee wetu, na bado wengi wetu tunawachukua kama watu wa kusimama mlangoni. Faida na mimi tulikaa dawati moja sekondari. Nimempita umri kidogo, kwa hiyo aliniita yaya, yaani dada mkubwa, na hakuacha kuniita hivyo hata baada ya sisi wote kuzaa. Mimi nikaenda kwenye ualimu. Yeye akasomea uuguzi, akawa mzalishaji kwenye kituo cha afya upande wa Lubarika. Binti yangu wa pili alipokelewa na mikono yake. Bondeni kule kuna wasichana wengi wanaoitwa jina lake.

Chama kimoja kilikuwa kinatafuta mwanamke wa kumweka kwenye orodha yake ya udepite, yaani ubunge, wa jimbo. Walimfuata Faida kwa sababu anajulikana. Yeye alikubali kwa sababu moja, nayo ni Rurambo, huko juu milimani.

Kule juu hakuna nyumba ya kujifungulia. Mama akishikwa na uchungu, wanaume wanambeba mabegani kwenye tipoyi, kile kitanda cha miti, wanashuka naye mlima mpaka bondeni. Siku moja Faida alipokea mama aliyekuwa ameshakata roho njiani, na waliombeba walikuwa hawajui. Walifika bado wanamwambia avumilie, wamekaribia. Faida alinisimulia hayo akiwa amekaa jikoni kwangu, akaniambia: "Yaya, minye sitaki gari wala kiti. Nataka tu ile maternité ijengwe kule juu. Unisaidie. Weye njo unajua vinywa vya batu."

Ndivyo yeye alivyokuwa kandida, yaani mgombea, na mimi mkuu wa kampeni yake.

Sasa nikueleze jambo ambalo kila mtu wa bondeni analijua na hakuna anayelisema. Ukifika kwenye ua wa mtu, utaletewa musururu, kile kinywaji chetu cha mahindi. Kinakuja na kikombe kimoja kikubwa. Mwenye nyumba anaonja kwanza, halafu kikombe kinazunguka, kila mmoja anakunywa na kumpa wa pembeni. Lakini Mutwa akiwepo, kikombe kinamruka. Yeye anamiminiwa kwenye chombo kingine. Kwa bibi yangu, Lubarika, lilikuwepo kopo lililotundikwa kwenye msumari nje ya jiko. Nilipokuwa mdogo niliuliza ni la nani. Bibi alijibu, "La Batwa," kwa sauti ile ile ambayo angesema hii ni ya chumvi.

Na usifikiri ni chuki ya kelele. Mama anayemwachia Faida amshike mtoto wake akiwa bado na damu, mama huyo huyo kesho yake hampi Faida kikombe. Nilikuwa nimeliona jambo hilo maisha yangu yote.

Kabla ya kampeni kuanza, nilizunguka peke yangu kupima watu. Nilijiona mwenye akili sana. Pale Kamanyola nilimuuliza mwenye duka la mchele kama watu watampigia Faida kura. Akajikuna kidevu.

"Minye sina shida naye," akasema. "Alimuzalisha muke yangu muzuri kabisa. Minye ningemupigia hata leo. Lakini batu, mwalimu. Unabajua batu ba huku."

Nilimuuliza mama muuza mihogo. "Minye? Sina shida. Ila batu." Nikamuuliza mchungaji. Nikamuuliza kijana wa pikipiki aliyenirudisha mjini. Wote hawakuwa na shida. Wote waliogopa batu, hao watu wengine.

Mtu makini angesimama hapo akauliza: batu hao wako wapi, mbona simkuti hata mmoja? Mimi sikuuliza. Nilirudi nyumbani nimeamini kwamba batu wapo, ni wengi, na Faida lazima alindwe nao. Nilifikiri: siku kikombe kitakapomruka mbele ya umati, kila mtu atakumbushwa yeye ni nani, na kura zitapotea. Dawa ni kikombe kisipate nafasi ya kumruka.

Nikaenda sokoni nikanunua kikombe cha bluu chenye kifuniko. Nikakiweka kwenye mkoba wangu.

Nilimwambia ni kwa ajili ya kolera. Uvira hapa kolera si hadithi, kila mtu anaijua. Faida akacheka.

"Yaya, weye njo unanifundisha minye kolera?"

"Kandida hawezi kuugua katikati ya kampeni," nikamjibu.

Aliacha kucheka. Akakitazama kikombe, akanitazama mimi, kwa muda mrefu kidogo kuliko ilivyohitajika. Halafu akasema, "Sawa, yaya."

Tukaanza kuzunguka. Nisiseme uongo, mambo yalikwenda vizuri. Kinamama walikuja na watoto aliowazalisha, wakawasimamisha mbele yake kama wanajeshi. Alipoeleza habari ya tipoyi, watu walisogea mbele wamsikie. Na kila tulipoingia kwenye ua na musururu ukaletwa, mimi nilikuwa mwepesi. Kabla mwenye nyumba hajawaza lolote, kikombe cha bluu kilishatoka kwenye mkoba, kikajazwa, kikawa mkononi mwa Faida. Hakuna aliyeaibika. Jioni nilikiosha, nikakifuta, nikakirudisha kwenye mkoba. Nililala nikijipongeza.

Kule Kamanyola jamaa mmoja alitania, "Huyu kandida anatembea na chombo yake. Na kitanda je, iko mu mkoba?" Watu wakacheka, na mimi nikacheka nao. Faida alikuwa anaongea na mtoto, sikujua kama alisikia.

Halafu tukafika Lubarika, kwa mwanamke nitakayemwita Mama Zawadi. Watoto wake wote wametoka mikononi mwa Faida. Ua ulijaa, wengine walikaa juu ya vinu vilivyolazwa, wengine walisimama kwenye ua wa jirani wakichungulia. Mama Zawadi akaleta musururu mwenyewe. Akaonja. Kisha hakugeuka kwangu, wala kwa mumewe. Alitembea moja kwa moja mpaka kwa Faida, akainama kidogo, akamnyooshea kikombe chake kwa mikono miwili.

Nataka uelewe alichofanya mama huyo. Alikuwa mbele ya mama mkwe wake, mbele ya majirani zake wote. Alikuwa anafanya jambo ambalo hakuna aliyewahi kulifanya kwenye ua ule.

Faida alinyoosha mikono kukipokea.

Na mimi nilikuwa nimeshatoa kikombe cha bluu. Sikuwaza. Mkono ulikwenda wenyewe, kwa mazoea. Nilikichukua kikombe cha Mama Zawadi kabla hakijamfikia, nikamimina kwenye cha bluu, nikampa Faida. Nikatabasamu nikasema, "Tumemzoesha hivi, ni kwa ajili ya kolera."

Mama Zawadi alinitazama. Kikombe chake kilikuwa bado mkononi mwangu, na musururu kidogo ulikuwa umebaki ndani yake.

"Haya," akasema taratibu. "Na weye kunywa, mwalimu."

Nikanywa. Nilikinyanyua kikombe kile kile nikanywa mpaka mwisho, mbele ya watu wote. Nilipokishusha tu ndipo nilipoelewa nilichofanya.

Mama mkwe wa Mama Zawadi, aliyekuwa amekaa kwenye kizingiti cha jiko, akasema bila hata kupaza sauti: "Kolera ya hapa inachagua." Kuna aliyecheka. Faida alishika kikombe cha bluu bila kukinywea. Baadaye alisimama, akaeleza habari ya Rurambo kama kawaida, kwa sauti iliyonyooka. Lakini watu hawakuwa wanamsikiliza tena. Walikuwa wananiangalia mimi.

Habari ile ilitutangulia. Kila kijiji tulichofika baada ya hapo, musururu uliletwa na chombo cha pembeni kikiwa tayari, kimeoshwa vizuri, kimefunikwa. Walitufanyia heshima. Walifuata mfano.

Faida alishindwa. Hakushindwa kwa kidogo, na alianguka vibaya zaidi kule kule Lubarika, kwa watu wanaomwita mama wa watoto wetu.

Mwanzoni nilisema nilichokitabiri kimetimia. Nilimwambia mume wangu, "Nilijua. Batu ba huku hawabadiliki." Nilisema hivyo kwa wiki nzima. Halafu kitu kikanikataa moyoni, nikapanda pikipiki nikaenda kwa Mama Zawadi. Nilimkuta anapepeta mchele. Hakusimama.

"Minye nilimupigia," akasema kabla sijauliza. "Lakini benzangu walirudi nyuma. Unajua balisema nini? Balisema: yule mwalimu alisoma naye, banakula pamoja Uvira, banajuana tangu utoto. Kama yeye mwenyewe hawezi kunywa naye, kuna kitu anajua. Sisi ni nani ba kumupita?"

Nikamwambia kwamba mimi nilikuwa naogopa wao. Kwamba kila mtu niliyemuuliza aliniambia batu hawatakubali.

Aliacha kupepeta. "Basi tulikuwa tunaogopana," akasema. "Sisi tulikuwa tunakuangalia weye. Siku ile ungeacha tu kikombe kifike."

Kutoka hapo nilikwenda kituo cha afya. Faida alikuwa anafuta meza ya kujifungulia. Nilisimama mlangoni nikaanza kueleza: nilitaka kukulinda, nilitaka usiaibike. Aliendelea kufuta mpaka alipomaliza kona zote.

"Nilijua tangu siku ya kwanza," akasema. "Minye ni muuguzi. Kama ni kolera, ungenunua vikombe viwili."

Nikamuuliza kwa nini alikubali.

"Nilikuwa nangoja. Nilisema labda siku moja, hata tukiwa sisi wawili tu, utasikia kiu, utachukua kile kikombe utakunywa. Ulikuwa unakiosha kila jioni. Unakifuta. Hukuwahi kukinywea, hata maji." Akakunja kitambaa. "Kule Lubarika minye sikuumia kwa ajili ya batu. Batu nimewazoea."

Nje mama mmoja alikuwa anaita. Faida akanipita mlangoni, akasema, "Samahani, madame, kuna mgonjwa."

Madame. Tangu sekondari mimi ni yaya wake. Sasa tukikutana sokoni ananisalimia kwa heshima zote, anauliza habari za watoto, na ananiita madame. Hajanitukana. Ningependa anitukane.

Maternité ya Rurambo haipo. Wakati wa mvua za juzi walishusha mama mwingine kwenye tipoyi. Nashukuru yule alifika mzima. Kila nikisikia habari ya tipoyi, mikono yangu inakumbuka uzito wa kikombe kile cha Mama Zawadi.

Na kuna jambo la mwisho ambalo sijamwambia mtu. Kikombe cha bluu kipo bado, nyuma ya sufuria, jikoni kwangu. Jumapili iliyopita binti yangu, yule aliyepokelewa na Faida, alirudi kutoka kucheza, akakitoa, akachota maji, akanywa. Mimi nilikuwa nimeshafungua mdomo kumwambia akiweke chini. Neno lilikuwa limeshafika kwenye ulimi. Nililimeza, lakini lilikuwepo. Baada ya yote haya, bado lilikuwepo.

Ndiyo maana naandika. Uchaguzi utarudi, na watakuja kwako kukuuliza kama mtu fulani, wa asili fulani, wa sura fulani, anaweza kushinda huku kwetu. Utasikia mdomo wako ukisema: mimi sina shida naye, ila watu. Ukisikia hivyo, nyamaza kwanza. Jiulize ni lini mara ya mwisho ulikunywa naye kwenye kikombe kimoja. Kama hukumbuki, basi watu hao unaowaogopa, mmoja wao umekwisha kumpata.

Jumapili ile, alipomaliza kunywa, binti yangu alininyooshea kikombe akaniuliza kama nina kiu. Nilikipokea. Nilichota maji nikanywa, nimechelewa, na aliyekuwa ananingoja ninywe hayupo.