Meno Yanayosubiri Saa Nane Mchana

Saa nane mchana, benchi la wagonjwa halina mgonjwa hata mmoja. Feni inazunguka, televisheni imezimwa sauti, na nyuma ya dawati la mapokezi mwanamke wa makamo anafungua kabati la kioo. Anatoa kiboksi kidogo cha plastiki, anakitikisa karibu na sikio. Ndani kuna seti ya meno ya bandia.

"Huyu ni mzee wangu wa ubishi," anamwambia mwandishi aliyekuja kumhoji, huku akibonyeza namba za simu. "Leo hanitoki."

Simu inapokelewa.

"Shikamoo, baba. Ni mimi wa kliniki ya meno. Aa, sikudai, ulishalipa zamani! Meno yako yamechoka kukaa kabatini, yanamuulizia mwenyewe." Anasikiliza kidogo, kisha anacheka. "Nani akuone? Saa nane hapa tupo mimi na feni. Haya, kesho. Usipokuja nayaleta huko huko nyumbani, shauri yako."

Wenzake humwita Redio, maana haishiwi maneno. Ni mhudumu wa mapokezi katika kliniki ndogo ya meno iliyo juu ya duka la viatu. Asubuhi hapumui: simu, kadi, watoto wanaolia na watu wazima wanaotamani kulia. Ikishapita saa ya chakula cha mchana, kila mtu anakwenda zake na mahali panapoa.

Kupoa huko nusura kumponze. Mwaka jana meneja alimkuta amejiinamia dawatini, usingizi umemchukua jumla.

"Aliniambia hakuniajiri nilinde kiti," anasema. "Iliniuma, lakini ningebisha nini? Nilikuwa nakoroma."

Meneja akamtaka atafute kazi ya kufanya mchana, la sivyo awe anafanya kazi asubuhi tu, na mshahara upungue vivyo hivyo. Redio alihangaika. Alipanga majarida ya wagonjwa kwa tarehe, akayapanga upya kwa rangi za majalada. Alifuta mlango wa kioo hadi mgonjwa mmoja akaugonga kwa paji la uso akidhani uko wazi.

"Siku moja nikajikuta namwagilia ua la plastiki," anasema. "Nikajiambia, wewe mwanamke, sasa unapotea."

Hapo ndipo alipoligeukia kabati. Lilikuwa limejaa meno ambayo watu waliagiza, wakapimwa, wakalipia, wasirudi kuyachukua. Fundi anayeyatengeneza katika chumba cha nyuma alikuwa akilalamika kila wiki. "Nachonga, nasugua, nang'arisha, halafu yanabaki kukenua humo kabatini. Yanamkenulia nani?"

Kliniki nzima iliamini watu husahau tu. Redio alijua sivyo, kwa sababu kiboksi kimojawapo ni cha mama yake mzazi.

Mama huyo, fundi cherehani, alikuwa mtu wa kicheko. Meno yalipomwisha akaanza kufunika mdomo kwa pembe ya mtandio. Wageni wakija anawaandalia, kisha anasema yeye ameshakula. Baadaye anajifungia jikoni na mkate uliolowekwa kwenye chai. Wanawe walimbembeleza hadi akakubali kupimwa meno mapya.

Siku ya kuyachukua alifika asubuhi, benchi limejaa hadi watu wamesimama. Fundi wa meno, kwa furaha ya kazi iliyotoka vizuri, akaibuka na meno yakiwa wazi kiganjani, akayainua juu.

"Jamani, haya ya nani?"

Watu wakaangua kicheko. Redio alimtazama mama yake. Mama alikuwa akisoma tangazo la ukutani, au akijifanya anasoma. Hakusema ni yake. Aliinuka taratibu, akashuka ngazi, na hajakanyaga tena pale.

"Nilitamani ardhi ipasuke initie ndani," Redio anasema.

Fundi naye halisahau jambo hilo. "Nilikuwa najivunia kazi yangu," anasema. "Kumbe namvua mtu nguo mbele za watu."

Basi Redio akajiuliza ni wangapi waliokimbizwa na benchi lile. Akaanza kupiga simu katika saa zake za kupiga miayo. Wengi walitoa visingizio, lakini aliwang'ang'ania hadi ukweli ukatoka. Waliogopa zile dakika za mwanzo, mdomo umejaa, mate yanatoka, maneno yanateleza.

"Mtu mzima na heshima zake anajifunza upya kusema 'sisi' na 'sasa'," anasema. "Nani anataka watazamaji?"

Akawapa saa nane. Mgonjwa huketi karibu na dirisha na kioo cha mkononi, na fundi hutoka na kiboksi kilichofunikwa. Meno yakishakaa, Redio humpa mgonjwa jarida asome kwa sauti, kisha wanapiga soga mpaka ulimi uzoee. Zamani meneja alimkataza kupiga soga na wagonjwa. Siku hizi akipita humkuta kazini, mdomo haujafungwa, na huendelea na njia yake.

Kabati limepungua zaidi ya nusu. Meneja amefurahi, tena amefurahi kupita kiasi: anataka kuweka tangazo la punguzo la bei ili wagonjwa wa kawaida wajae mchana pia.

"Biashara ni biashara," meneja anasema, halafu anatazama mlango wa mapokezi na kushusha sauti. "Lakini hilo bado sijamalizana naye. Ukianza ubishi na yule dada, hufiki nyumbani mapema."

Redio amepanga kumkabili wiki hii. "Kila mhudumu wa mapokezi anaomba watu waje. Mimi naomba benchi langu libaki tupu saa hii moja tu. Likijaa, mama ndiyo basi tena. Humpati."

Kila mchana humpigia mama yake simu. Kila mchana mama hujibu, "Nitakuja, mwanangu," na kila mchana kiboksi hurudi kabatini.

Redio hajamaliza kusema hayo zinapogonga hatua ngazini. Zinasimama, zinaendelea, zinasimama tena. Mlango wa kioo unasukumwa. Mama mmoja amesimama hapo, pembe ya mtandio mdomoni, macho yametua kwa mwandishi aliyeketi kwenye benchi.

"Si ulisema hakuna mtu?" anauliza kutoka ndani ya mtandio.

Mkono wake haujaachia mlango. Redio hamtazami hata mwandishi.

"Kaka, mahojiano yamekwisha. Toka. Pitia mlango wa nyuma."

Mwandishi anatoka na sentensi yake nusu. Anasimama chini, mbele ya duka la viatu, chini ya dirisha lililo wazi. Juu, kiti kinaburutwa hadi dirishani. Kisha sauti ya mwanamke mtu mzima inaanza kusoma tangazo la sabuni, polepole, inakwama, inarudia. Inakwama tena. Ghafla vicheko viwili vinalipuka kwa pamoja, na kimoja kinachukua muda mrefu kuisha.

Baadaye mama anashuka ngazi.

"Shikamoo, mama."

Mkono wake unapanda kuelekea mdomoni. Unafika katikati, unasita, unaishia kuuweka mtandio vizuri begani.

"Marahaba, mwanangu. Samahani sana, nimekusimamisha juani." Anasema polepole, hakuna neno linaloteleza. "Sasa panda. Mwenzio anakusubiri amalize kusema, na wewe unamjua yule."