Blogu yangu inafungwa, mama anacheka

Leo nimelia mbele ya mama, naye akacheka.

Asubuhi nilipata mesaji: ile huduma ya bure ninakoandikia blogu yangu inafungwa mwisho wa mwezi. Kila kitu kitafutwa.

Habari zote za mji wetu wa Rumonge nilizoandika. Picha za wakamuaji wa mafuta ya mawese wa kule Kizuka. Zote.

Nikamkimbilia mama, simu mkononi.

"Wamekupa muda wa kufunga mizigo?" akauliza.

Nikasema ndiyo.

"Sasa unalia nini, mutoto wangu? Kambi yetu ya wakimbizi ilipofungwa kule Tanzania, baba yako alibeba hata mlango wa nyumba."

Ni kweli. Huo mlango iko kwetu mpaka leo, unakwaruza chini kila tukifungua.

Nikamwambia basi, nitahamisha makala tu, maoni ya wasomaji nitayaacha.

Hapo akaacha kucheka.

"Unahama, unaacha majirani?"

Kwa hiyo nimekaa hapa nanakili maoni yote, hata ya yule bwana wa Magara aliyeniita mwongo kwa habari ya ndagala, wale samaki wadogo wa ziwani. Bwana, na wewe unahama na sisi.

Nyinyi wenye huduma, fungeni tu. Kuhama tunajua.

Nani anajua pengine pa kuandikia? Niambieni hapa chini.

Nitakuja na mlango wangu.