Gari Lililogoma Alfajiri Tu

Fundi saa, ambaye hata mkewe alimwita Fundi, aliishi kwa kujua sababu. Ukimletea saa iliyosimama, hakuridhika kuiona inatembea tena. Alitaka kujua kwa nini ilisimama. Aligusa kitu kimoja, akangoja, akasikiliza, ndipo aguse kingine. Wateja wenye haraka walikwenda kwa wengine, naye hakuwaonea gere waliowapata.

Ndiyo maana gari lake kuukuu la dizeli lilimnyima raha. Baridi ilipoingia, lilianza kugoma alfajiri. Stata ilizunguka kwa nguvu, bomba likatoa wingu jeupe, majirani wakakohoa, injini isiwake. Jua likishapiga boneti, liliwaka kwa mguso mmoja, kana kwamba halikumbuki lolote. Lakini mkewe, muuguzi, alianza zamu kunapopambazuka. Basi la kwanza lilipita baadaye, na muuguzi wa usiku hakuweza kutoka wodini mpaka yeye afike. Mkuu wa wauguzi alikwishampa mkewe ufunguo wa chumba katika bweni la hospitali: alale huko wiki nzima, nyumbani arudi siku za mapumziko. Mkewe aliuweka juu ya friji. Fundi aliuona kila alipotaka maziwa.

Alilipeleka gari kwa makanika. Tatizo ni kwamba, ili lifike gereji, ilibidi kwanza liwake. Na likishawaka halikuwa na ugonjwa. Makanika aliliwasha, akalizima, akaliwasha tena.

"Fundi, mgonjwa gani huyu anayekuja hospitali mbio?"

Alishauri lilale gereji, alione likiwa baridi. Fundi akasema likilala huko, nani ampeleke mkewe kazini? Makanika akamkumbusha kwamba hata likilala nyumbani halimpeleki. Fundi aliahidi kulifikiria.

Akaamua kulitibu mwenyewe, kwa kanuni ya saa: jioni badili kitu kimoja, asubuhi pokea jibu. Alibadili chujio la dizeli, likawaka. Alimweleza mama mkwe, aliyekuwa akiishi nao, jinsi uchafu unavyoziba njia. Mama mkwe alisikiliza kwa adabu na kumwongezea chai. Asubuhi iliyofuata likagoma. Alibadili betri, ingawa stata haikuwa imelalamika. Likawaka, akaisifu betri, kesho yake likagoma. Kisha siku moja hakugusa chochote, likawaka, na hilo ndilo lililomuumiza zaidi. Kazini alimrudishia mteja saa yenye mshale wa dakika mahali pa mshale wa saa. Alianza kushuku kwamba gari linasikiliza mazungumzo yao.

Ijumaa lilipogoma tena, mkewe alichukua ufunguo juu ya friji.

"Ninayemkimbia ni gari, Fundi, si wewe. Likigoma Jumatatu, nahamia."

Jumapili Fundi aliingia uvunguni mwa gari kutafuta dizeli inayovuja, kiwiko kikatua kwenye jivu. Jivu jipya, lenye vipande vya mkaa. Kwanza alidhani injini inaungua kwa ndani. Akawaza tena, akazidi kuchanganyikiwa. Mwishowe aliingia jikoni na kiwiko chake cheupe. Mama mkwe alikuwa akichambua mchele. Alikitazama, akaendelea kuchambua.

"Mama, hili jivu..."

"La jiko, baba. Ulidhani la nini?"

Marehemu mumewe alikuwa dereva wa lori, akipasha injini kwa namna hiyo. Kwa hiyo magoti yakimruhusu, yeye huamka kabla ya wote, husukuma jiko la makaa chini ya injini, na huliondoa akisikia mlango wa bafu. Yakimkatalia, gari hugoma. Fundi aliuliza, kwa heshima yote, kwa nini hakusema.

"Wewe ulikuwa unatafuta sababu. Mimi nilikuwa namtafutia mwanangu usafiri."

Hapo ndipo sababu ilipojileta yenyewe. Kama dawa ni moto, basi kinachopaswa kuipasha injini hakipashi: zile plagi nne ndogo zinazotia joto kabla ya kuwasha. Kila alfajiri alisubiri taa yao ya njano izimike ndipo apige stata, kumbe taa huhesabu muda tu. Alichukua balbu na waya, akazipima: moja tu ndiyo iliyopitisha umeme. Mtu asiyeamini saa kwa kutazama uso wake alikuwa ameamini taa.

Jioni alifunga plagi mpya, akamwomba mama mkwe kesho asilete jiko nje. Mama mkwe alikubali upesi mno.

Jumatatu vioo vya gari vilikuwa vimeganda. Mkewe alisimama na begi kubwa, si lile la kila siku. Taa ikawaka, ikazimika. Fundi akapiga stata, na injini ikanguruma. Mkewe alirudisha begi ndani, akatoka na mkoba.

"Ufunguo wao nawarudishia leo," alisema akifunga mlango.

Mama mkwe alikuwa mlangoni, mikono ndani ya shuka. Fundi angeweza kushuka na kuchungulia uvunguni kama kuna jivu. Alishusha kioo.

"Umelala salama, mama?"

"Salama, baba. Magoti tu."

Njia nzima alilitafakari jibu hilo, asijue kama magoti yalimzuia kuinama au yaliuma kwa kuinama. Aliporudi alichukua ufagio, akafagia pale gari lilipokuwa limelala, macho yake akiyaelekeza kwenye paa la jirani.