Mswaki wa Baba na Matundu ya AC

Jana, hapa Mbeya, fundi alipopuliza dawa ya harufu ya limau kwenye matundu ya AC ya gari langu, nilimkumbuka baba akiwa amepiga magoti ndani ya gari letu kule Kilolo, mswaki wake mkononi.

Mama alikuwa mjamzito, siku zake zimekaribia, na alitakiwa akasubiri uchungu hospitalini Tosamaganga. Lakini kila feni ya gari ilipowashwa, alitapika.

"Gari lako limeoza, Baba watoto. Bora nitembee."

Baba alifungua kifuniko chini ya dashibodi, akatoa kiota cha panya kilichojaa manyoya na punje za mahindi. Mimi nilikamulia malimao kwenye maji ya sabuni, yeye akachovya mswaki na kusugua tundu moja baada ya jingine.

"Njoo unuse, mwanangu. Pua yako ni ya mama yako."

Mara nne nilinusa nikakataa. Ya tano nikakubali.

Asubuhi mama alipanda akiwa ameziba pua kwa khanga. Baba akawasha feni. Mama akanusa kidogo, akashusha khanga.

"Haya, twende."

Hatukufika mbali akasinzia, kichwa kimeegemea bega la baba, upande wa mkono wa gia. Baba alinitazama kwenye kioo, akaweka kidole mdomoni. Malori yalitupita yakitupigia honi, lakini hakuusogeza ule mkono kubadili gia. Tuliingia Tosamaganga kwa gia ya pili.